Squad 51: kisa cha tamthilia iliyowazoesha Wamarekani mzimamoto mwenye sindano

Jumamosi ya tarehe 15 Januari 1972, televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha filamu ya saa mbili iliyopewa jina la muswada wa sheria: The Wedsworth-Townsend Act. Ni jina kavu, la kukaa kwenye jalada la karani wa bunge. Filamu hiyo ndiyo iliyofungua tamthilia ya Emergency!, na mimi ni mmoja wa watu wanaoipenda tamthilia hiyo kwa moyo wote. Niliifikia kwa kuchelewa, kwenye seti za DVD, miaka mingi baada ya familia za Marekani kuikalia sebuleni kila Jumamosi jioni. Hata hivyo ilinishika tangu mwito wa kwanza wa redio, na haijaniachia.

Hapa naichambua kama kisa kimoja, kwa hiyo sitapitia vipindi vyote nilivyovipenda. Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwapo Marekani kazi mpya ya paramediki, yaani mtu asiye daktari wala muuguzi anayekwenda na dawa na mashine mpaka pale mgonjwa alipoangukia, akaanza matibabu hapo hapo. Raia wengi walikuwa hawajaisikia. Madaktari wengi waliitilia shaka. Miji iliyokuwa nayo ilihesabika. Tamthilia ikaichukua kazi hiyo ingali changa, ikaionyesha kwa misimu sita, na ilipofika mwisho watu walikuwa wanaiona kama kitu ambacho mji wowote wenye kujiheshimu lazima uwe nacho. Iliwezaje? Jibu langu ni kwamba ilichukua swali la kisheria, nani anaruhusiwa kumgusa mgonjwa, ikalifanya moyo wa kila kipindi. Mtazamaji akaona ruhusa ikiombwa na ikitolewa, tena na tena, hadi akaizoea.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 1966 National Academy of Sciences, chombo kikuu cha wanasayansi wa Marekani, ilitoa ripoti kuhusu vifo na ulemavu unaotokana na ajali. Kwa mwaka 1965 peke yake ripoti hiyo ilihesabu majeruhi milioni 52 na vifo 107,000. Watu zaidi ya milioni 10 walilemaa kwa muda, na 400,000 walibaki na ulemavu wa kudumu. Ila kilichonishtua kuliko takwimu hizo ni maelezo kuhusu magari ya wagonjwa. Karibu nusu ya huduma zote za kubeba wagonjwa nchini humo zilikuwa mikononi mwa kampuni za mazishi, zipatazo 12,000. Sababu ni nyepesi na inauma: gari la kubebea maiti ndilo lililokuwa na nafasi ya mtu kulala. Mgonjwa wa moyo mwenye umri wa miaka hamsini, mwenye watoto shuleni, aliweza kuchukuliwa nyumbani kwake na gari lile lile lililomzika jirani yake wiki iliyopita, na njiani asipate zaidi ya blanketi na, kama ana bahati, oksijeni.

Wakati huo huo utabibu ulikuwa umekwisha kupata majibu. Huko Belfast, daktari wa moyo Frank Pantridge alikuwa ameonyesha tangu 1966 kwamba mashine ya kushtua moyo inaweza kupandishwa kwenye gari na kupelekwa kwa mgonjwa. Huko Los Angeles, daktari J. Michael Criley wa Harbor General Hospital aliichukua fikra hiyo akaipa sura nyingine: badala ya kupeleka daktari, wafundishwe wazimamoto. Hao tayari wametawanyika mjini kote, wako macho usiku na mchana, na hufika haraka kuliko yeyote. Mwaka 1969 wazimamoto wa kaunti wakaanza kufundishwa hospitalini hapo.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Sheria ya California haikumruhusu mtu asiye daktari wala muuguzi kutundika dripu, kuchoma sindano ya dawa au kuushtua moyo kwa umeme. Mzimamoto aliyefundishwa yote hayo alikuwa anajua la kufanya lakini mikono yake imefungwa. Njia ya kupitia ikawa muuguzi kupanda gari pamoja nao, ili mkono wa sheria uwepo eneo la tukio. Kenneth Hahn, mmoja wa wajumbe wa baraza linaloongoza Kaunti ya Los Angeles, akalisukuma jambo hilo kisiasa. Seneta wa jimbo James Wedworth na mbunge Larry Townsend wakaupeleka muswada, na Julai 1970 Gavana Ronald Reagan akautia saini. Huo ndio muswada ambao filamu iliuchukulia jina, kwa kuuongezea herufi moja tu.

Mtu aliyeiona hadithi ndani ya mambo hayo ni Robert A. Cinader, mtayarishaji aliyefanya kazi na Jack Webb. Webb alikuwa na jina kubwa kwa tamthilia za polisi zilizofuata taratibu za kazi hatua kwa hatua, bila kupambapamba. Cinader alikuwa akitafuta tamthilia ya waokoaji. Katika kuzungumza na Idara ya Zimamoto ya Kaunti ya Los Angeles akakutana na mpango huu mpya, na akamkuta James O. Page, ofisa wa idara hiyo aliyekuwa akiusimamia. Page akawa mshauri wa kitaalamu wa tamthilia. Matukio mengi yaliyoingia kwenye skripti yalitoka katika madaftari ya vituo vya zimamoto. Waigizaji wakuu wawili, Randolph Mantooth na Kevin Tighe, walikaa darasani pamoja na wanafunzi wa paramediki wakayasikiliza mafunzo, ingawa mitihani hawakuifanya.

Sasa tuiangalie filamu yenyewe, maana mbegu ya tamthilia nzima imo humo.

Mantooth anacheza kama Johnny Gage, kijana mwokoaji, mwenye haraka na maneno mengi. Tighe ni Roy DeSoto, mtulivu, mwenye mke na watoto, anayetafuta wazimamoto wa kujiunga na mafunzo mapya. Gage mwanzoni hataki. Yeye ni mwokoaji, anawatoa watu kwenye hatari. Kukaa na wagonjwa nyuma ya gari anaona si kazi yake. Kisha anakwenda kumwokoa mtu aliyepigwa na umeme. Anamtoa vizuri, kazi yake ya uokoaji haina dosari, na mtu huyo anakufa hata hivyo, kwa sababu kati ya pale alipoangukia na mlango wa hospitali hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kumfanyia kilichohitajika. Ndipo Gage anajiandikisha.

Naomba tukae kidogo kwenye chaguo hilo la mwandishi. Ingekuwa rahisi kumtafuta mbaya wa hadithi, labda mwanasiasa mla rushwa au daktari mwenye roho mbaya. Hakuna. Mtu anakufa wakati kila aliyemzunguka ametimiza wajibu wake kwa ukamilifu. Mtazamaji anabaki na hasira isiyo na wa kuielekezea, isipokuwa sheria yenyewe. Kwa filamu iliyotaka kueleza umuhimu wa muswada, sioni njia nyingine ambayo ingefanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Upande wa pili yuko Dokta Kelly Brackett wa Rampart General, hospitali ya kwenye tamthilia, anayechezwa na Robert Fuller. Brackett anapinga. Na upinzani wake ni wa mtu mwenye akili: yeye amesoma miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kumpa mgonjwa dawa ya moyo, na sasa anaambiwa mzimamoto afanye hivyo baada ya mafunzo mafupi. Kwa sisi tuliofanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha dharura, hoja hiyo haichekeshi. Dawa ile ile inayookoa, ikitolewa vibaya, inaua. Filamu inamheshimu Brackett kiasi cha kumwachia wasiwasi wake mpaka mwisho. Anakwenda mbele ya watunga sheria kuutetea muswada akiwa bado na shaka moyoni, kwa sababu ameona mbadala wake ni watu kufia njiani.

Katikati yao amesimama sista Dixie McCall. Anachezwa na Julie London, aliyekuwa mwimbaji maarufu kabla ya hapo. Dixie ndiye muuguzi anayepanda gari na wazimamoto kama sheria ilivyotaka, kisha anaumia eneo la ajali. Aliyekuwa kibali chao amelala chini. Gage na DeSoto wanajua la kufanya, vifaa wanavyo, na sheria inawakataza. Wanamtibu. Nikiitazama sehemu hiyo huwa nawaza jinsi ilivyopangwa kwa ustadi: kifungu cha sheria ambacho msomaji wa gazeti angekiruka kimegeuka kuwa mwanamke ambaye mtazamaji amempenda kwa saa nzima, na sasa anahitaji dripu.

Filamu inakwisha muswada umepita. Kwa tamthilia ya kawaida hapo mvutano ungekuwa umekwisha, na wangelazimika kutafuta mwingine. Emergency! ilifanya jambo la werevu zaidi: ilihamishia lile swali la ruhusa ndani ya redio.

Tuuchukue mwito mmoja wa kawaida, maana yote yafuatayo yanajirudia karibu kila wiki. Wanaume wa Kituo cha 51, kituo cha zimamoto cha Gage na DeSoto, wako jikoni. Mmoja anapika, wengine wanabishana juu ya jambo dogo lisilo na maana, na mara nyingi mzimamoto mwenzao Chet Kelly amemchokoza Gage. Toni za kuita zinalia. Sauti ya mtu wa kituo cha mawasiliano inatoa taarifa na anwani; ni sauti ya Sam Lanier, ambaye kazi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake halisi katika idara. Kapteni Stanley anakwenda kwenye kipaza sauti ukutani, anaandika anwani kwenye kikaratasi, anajibu kwa namba ya kituo na ile alama ya mwito ambayo wapenzi wa tamthilia wanaijua kama jina la mtoto wao: KMG 365. Anachana karatasi, anaipitisha dirishani kwa DeSoto aliyekwisha kaa kwenye usukani. DeSoto anampa Gage. Gage anasoma. Kofia ngumu zinavaliwa, gari lao jekundu la Dodge, Squad 51, linatoka, king'ora kinaanza.

Hakuna anayemweleza mtazamaji kitu. Kikaratasi kinapita mikono mitatu, basi. Baada ya vipindi vichache mtoto wa miaka minane nyumbani alikuwa anaujua mlolongo huo mzima, na wengi wao waliuigiza uani na baiskeli zao.

Wakifika, mmoja anapiga magoti kwa mgonjwa, mwingine anafungua masanduku. Presha, mapigo, pumzi, mboni za macho. Kisha kinafunguliwa kisanduku cha rangi ya chungwa, Biophone, redio ya kuzungumza na hospitali, ambayo pia iliweza kupeleka mchoro wa moyo kwa njia ya mawimbi. "Rampart, hapa Squad 51." Kule hospitalini Dixie anasikia, anaingia kwenye kichumba cha vioo, anabonyeza kitufe, anachukua kalamu. Brackett anafika, au Dokta Joe Early, mpole yule anayechezwa na Bobby Troup, aliyekuwa mume wa Julie London katika maisha halisi na mtunzi wa wimbo Route 66. Wanasikiliza vipimo. Wanatazama mchoro. Kisha agizo linatoka: dripu ya Ringer's lactate kwa aliyepoteza damu, au dextrose ya asilimia 5 na lidocaine kwa moyo uliokosa mpangilio. Na Gage analirudia agizo neno kwa neno kabla mkono haujagusa dawa.

Huko kurudia ndiko kunakonifanya niipende tamthilia hii kwa upendo wa mtu wa fani. Kazini tunafundishwa hivyo hivyo: daktari akisema, unarudia alichosema, anathibitisha, ndipo unatoa. Ni usalama wa mgonjwa. Tamthilia nyingi za hospitali zingeuondoa mrudio huo kwa kuwa unachukua sekunde na hauna msisimko. Cinader na watu wake waliubakiza, na wakagundua kwamba msisimko umo humo humo. Mtazamaji ameshaona mchoro wa moyo ukivurugika. Anajua dawa iko kwenye sanduku, mkono uko juu ya sanduku. Anasubiri sauti kutoka mbali iseme ndiyo. Agizo linapokuja na kurudiwa, anapumua.

Lile swali la mwaka 1970 ndilo hilo, linajibiwa upya kila Jumamosi. Je, huyu mzimamoto anaruhusiwa? Anaruhusiwa, kwa sababu daktari anamsikia, daktari anaona anachokiona, na kila hatua ina mwenye kuibeba. Wasiwasi wa Brackett haukupuuzwa, umetengenezewa chombo. Naamini hakuna kijitabu cha serikali ambacho kingeweza kuwaeleza watu mfumo huo kwa uwazi namna ile.

Kipo kipindi kinacholionyesha hilo vizuri kuliko vyote kwa maoni yangu: kile ambacho Gage mwenyewe anaumwa na nyoka mwenye sumu wakiwa kazini. DeSoto anabaki na mgonjwa ambaye ni rafiki yake, jozi yake, mtu wanayekaa naye gari moja kila zamu. Kishawishi cha kuachana na utaratibu ni kikubwa. DeSoto anafungua redio, anatoa vipimo vya Gage kwa sauti ile ile anayotumia kwa mgeni yeyote, anapokea maagizo, anayarudia. Tighe anaigiza hofu yote hiyo kwa mikono na macho, sauti haiyumbi. Nimewahi kumhudumia mtu ninayemfahamu akiwa mahututi, na najua sauti hiyo inatoka wapi: unashikilia utaratibu kwa sababu ndio unaokushikilia wewe.

Baada ya hapo linakuja gari la wagonjwa. Mmoja wao anapanda na mgonjwa, mwingine anafunga milango, anaipiga kwa kiganja mara mbili kumjulisha dereva, kisha anafuata nyuma na Squad. Hospitalini wanakutana tena mezani kwa Dixie, wanaulizia hali ya mgonjwa, wanachukua dawa za kujaza sanduku. Mara nyingi hawapati jibu kamili, kwa kuwa mwito mwingine unakuja.

Uhalisia huo ulisimama juu ya mambo ya kweli. Kituo cha 51 kilipigwa picha katika Kituo cha 127 cha Idara ya Zimamoto huko Carson, California, ambacho leo kina jina la Cinader kwa heshima yake. Rampart kwa nje ni Harbor General ile ile ambako Criley aliwafundisha wazimamoto wake. Dereva wa gari kubwa la zimamoto, Mike Stoker, alikuwa mzimamoto halisi wa kaunti, na kwenye tamthilia alibaki na jina lake. Mambo hayo yanaonekana hata kwa asiyeyajua. Mpira wa maji unavyobebwa na ngazi inavyosimamishwa, mtu haigizi vile kwa kuelekezwa asubuhi hiyo.

NBC iliirusha saa 2 usiku, saa ile ile CBS ilipokuwa na All in the Family, tamthilia ya kuchekesha iliyoongoza Marekani nzima kwa watazamaji. Kwa hesabu za biashara ilikuwa kama kutupwa. Ikaishi. Sehemu ya sababu, nadhani, ni watoto. Wazazi walitaka vichekesho vya watu wazima, watoto walitaka king'ora, na nyumba nyingi watoto walishinda. NBC yenyewe iliona hilo, ikatengeneza mwaka 1973 toleo la katuni kwa ajili yao. Watoto hao walipokua, wengi waliingia kwenye zimamoto na uparamediki, na hadi leo ukimuuliza mzee wa fani hiyo kule Marekani alianzaje, jina la Squad 51 halikawii kutajwa. Mantooth alitumia miaka mingi ya maisha yake baadaye akizunguka kuzungumza na wahudumu wa dharura na kuwatetea.

Je, tamthilia ndiyo iliyoleta mabadiliko? Hapa napenda kuwa mwangalifu, maana wapenzi wenzangu wakati mwingine wanaibebesha sifa zote. Miami, kwa daktari Eugene Nagel, na Seattle, kwa daktari Leonard Cobb, tayari walikuwa na wazimamoto wenye mafunzo kabla kamera haijawashwa Carson. Ripoti ya 1966 ilikuwa imeshaziamsha ofisi za serikali. Novemba 1973 Rais Nixon alitia saini sheria ya kugharamia mifumo ya huduma za dharura nchini kote, na sheria hiyo ilikuwa na wazazi wengi. Kilichofanywa na Emergency! ni kuwapa raia picha ya kudai. Mtu hawezi kwenda kwenye baraza la mji wake akadai kitu ambacho hana sura yake kichwani. Baada ya 1972 sura ilikuwapo: vijana wawili, gari jekundu, kisanduku cha rangi ya chungwa. Wazee wa fani husimulia jinsi raia walivyoanza kuwauliza viongozi wao kwa nini mji wao hauna watu kama wale.

Kasoro zake nazo zisemwe, kwa sababu ninaipenda. Wagonjwa wake wanapona kupita kiasi. Anayefanya kazi hii anajua kwamba moyo uliosimama mtaani mara nyingi hauwaki tena, hata mikono ikiwa bora. Mtazamaji aliyejifunza matumaini kutoka kwa Rampart alikuja kupata uchungu mkubwa siku ya kwake. Wanawake kwenye kituo hawapo kabisa. Kazi yote ya mwanamke imewekwa kwa Dixie na wauguzi wenzake, na ingawa Dixie ana mamlaka na heshima zaidi kuliko wanawake wengi wa televisheni ya wakati ule, bado yuko upande wa ndani wa kioo.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kile ambacho tamthilia iliwafanya watu wasahau. Mtu aliyeitazama aliondoka akiamini kazi hii ilizaliwa Los Angeles, mikononi mwa wazimamoto, wengi wao Wazungu. Kumbe tangu 1967 huko Pittsburgh, mtaa wa Hill, ilikuwapo Freedom House Ambulance Service. Wahudumu wake walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao wametolewa katika ukosefu wa kazi, wakafundishwa kwa kiwango cha juu chini ya daktari Peter Safar, mmoja wa mabingwa waliojenga njia ya kisasa ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo. Waliwahudumia watu wa mtaa ambao polisi waliokuwa na kazi ya kubeba wagonjwa waliwachelewea au hawakuja. Kazi yao ilikuwa bora kuliko ya mji. Mwaka 1975 mji wa Pittsburgh ukaichukua huduma hiyo, na wengi wa waanzilishi wakasukumwa pembeni. Hakuna tamthilia ya Jumamosi jioni iliyotengenezwa juu yao. Wakati Gage na DeSoto wanaingia kwenye sebule za nchi nzima, wale waliotangulia walikuwa wanapigania fedha za kuendesha huduma yao.

Na kutoka Freedom House unatoka uzi unaofika kwetu. Mwaka 1974 mkurugenzi wa utabibu pale alikuwa daktari kijana, Nancy Caroline. Alipanda magari na wahudumu wake usiku, akawafundisha, na kutokana na kazi hiyo akaandika mtaala wa kwanza wa kitaifa wa paramediki wa Marekani, na kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Katika miaka ya 1980 alihamia Nairobi, akafanya kazi na madaktari wa ndege wa AMREF, wakiruka kwenda vijijini kuwafuata wagonjwa. Mtu aliyeandika kwa kalamu yake kile ambacho Gage na DeSoto waliigiza aliishi na kufanya kazi Afrika Mashariki. Kwangu hilo ni jambo la kujivunia, na ningetamani lijulikane kwa kila mwanafunzi wa huduma za dharura Kenya na Tanzania.

Magari ya tamthilia yapo hadi leo, yametunzwa kwenye jumba la makumbusho la zimamoto la kaunti, huko Bellflower, California. Mwaka 2000 jumba la makumbusho la taifa la Smithsonian mjini Washington lilipokea vifaa vya tamthilia, kofia na Biophone vikiwamo, vikawekwa pamoja na kumbukumbu za historia ya nchi. Julie London alifariki mwaka huo huo, mwaka mmoja baada ya mumewe Bobby Troup.

Anayetaka kuitazama kwa mara ya kwanza, ushauri wangu ni asianze na vipindi vya moto mkubwa na majengo yanayoporomoka, ingawa ndivyo vinavyosifiwa. Aanze na filamu ya Januari 1972, akiwa anajua kisa cha muswada na cha muuguzi aliyelazimika kupanda gari. Akimaliza aingie msimu wa pili, ambako jozi ya Mantooth na Tighe imekwisha kukomaa na ucheshi wa jikoni umepata mwendo wake. Filamu za ziada za mwaka 1978 na 1979 anaweza kuziacha mpaka mwisho, au aziache kabisa. Kituo kimebaki nje ya nyingi ya hadithi hizo, na bila kituo, kile kikaratasi hakina mikono mitatu ya kupitia.